Tangi lililotoboka Mbozi: kutu ilisingiziwa, shaba ikanyamaza

Mama mkubwa hapigi simu ili kusalimia. Siku ile ya Machi alianzia katikati: "Wewe si ndiye unayefundisha kemia huko Mbeya? Basi njoo Jumamosi umwambie huyu fundi kwamba bati alilonipa ni bovu. Mimi nikisema anacheka." Jumamosi nikashuka Vwawa, nikachukua bodaboda mpaka shambani kwake, na kabla sijakaribishwa hata kiti nilikuwa nimeinamia tangi.

Lilikuwa tangi la duara la bati geji 28, upana sentimita 60 na kimo sentimita 90. Fundi bati mmoja wa Mlowo alilitengeneza Septemba ili likinge maji ya paa. Kwa nje liling'aa kama siku lilipoletwa. Ndani ilikuwa habari nyingine. Kuanzia kitakoni hadi sentimita 35 hivi kwenda juu, ukuta wote ulikuwa mwekundu wa kahawia, na kitako kilikuwa na matundu sita, kila moja dogo kama kichwa cha pini. Ardhi ya chini ilikuwa imeshageuka tope. Miezi sita tu! Mama mkubwa alikuwa amelipa nusu ya bei na kuizuia nusu ya pili, shilingi 60,000, na fundi alikuwa amemfikisha kwa mjumbe mara mbili.

"Kutu ni kutu," mama mkubwa akasema. "Bati la halali haliozi miezi sita."

Sentensi ya pili ilikuwa kweli. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa imewapoteza wote, na mimi nikiwemo kwa saa nzima ya mwanzo.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba fundi alitumia bati lililochakachuliwa, lenye zinki ya kupakwa kama poda. La pili lilitoka kwa mjumbe, aliyewahi kufanya kazi gereji: kwamba fundi hakuosha asidi ya kulehemu. Hilo si la kijinga. Mafundi wengi hupaka asidi ya haidrokloriki iliyokwisha kulishwa zinki ili lehemu ishike, na isipooshwa vizuri huendelea kula bati kimyakimya. Mimi nilikuja na langu la tatu, majivu. Nyumba nyingi husugulia vyombo majivu, na magadi yaliyomo humo yakikolea huyeyusha zinki kama asidi inavyoiyeyusha. Zinki ni metali yenye maadui pande zote mbili.

Shtaka la kwanza lilikufa nilipokuwa nakwenda chooni. Njiani nikapita banda la kuku, na juu yake kulikuwa na kipande cha bati kinachometa. Nikauliza kimetoka wapi. Kijana wa mama mkubwa, mjukuu wake anayemsaidia shamba, akasema ni baki la bati la tangi. Fundi alikiacha, yeye akakiezekea banda. Nikakishusha. Kilikuwa kimenyeshewa mvua zote za Novemba hadi Machi, makucha ya kuku yamekichora mistari, pembeni kilikatwa na mkasi hadi chuma kikaonekana, na bado hakikuwa na kutu ya kusimulia. Bati lilelile, mvua ileile, miezi ileile. Sikuhitaji maabara kujua kwamba tatizo halikutoka dukani.

Hapa nitoke kidogo kwenye kesi, maana watu wengi hawajui mabati yanavyojilinda. Kwanza jina lenyewe linadanganya. Bati, katika kamusi, ni ile metali nyeupe ya makopo na lehemu. Lakini mabati ya kuezekea hayana hiyo hata chembe. Ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki. Na zinki hailindi chuma kwa kukifunika peke yake, kama rangi inavyofanya. Hukilinda kwa kufa badala yake. Metali zimepanga foleni ya kutoa elektroni: zinki iko mbele ya chuma, chuma kiko mbele ya shaba. Wanaopima kwa volti huandika zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Ukikwaruza bati hadi chuma kionekane, maji yakagusa vyote viwili, anayetoa elektroni ni zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo, na chuma kinabaki salama. Ndiyo maana makucha ya kuku hayakufanya kitu. Kopo lililopakwa bati la kweli lina tabia ya kinyume: likikwaruzwa, chuma ndicho kinachotangulia kuliwa, kwa sababu katika foleni kiko mbele ya bati. Kopo la nyanya ukilitupa nje baada ya kulifungua, wiki haziwi nyingi.

Turudi tangini. Shtaka la asidi ya lehemu halikudumu. Asidi iliyosahauliwa hufuata mikunjo, ikiacha michirizi pale fundi alipopitisha mkono. Wekundu wa tangi hili ulikuwa umetandaa ukuta mzima kwa usawa, na mikunjo ya sehemu ya juu ilikuwa safi hata maua ya zinki, yale mabaka yanayometa ya bati jipya, yanaonekana. Kuhusu majivu, nilifanya kosa la kuuliza. "Tangi la maji ya kunywa kuku wangu nilisugue na majivu, mimi?" Nikaomba radhi.

Kilichobaki kunisumbua ni ule mstari wa sentimita 35. Tangi la mvua halina mstari. Likinyesha linajaa, likianua linashuka, na kutu yake hupanda na kushuka bila mpangilio. Huu ulikuwa mnyoofu kana kwamba umechorwa kwa rula, na juu yake zinki nzima. Nikachukua kalamu. Tangi la upana wa sentimita 60 lina kitako cha mita ya mraba 0.28, zidisha kwa 0.35 unapata lita 99. Nikawageukia.

"Hapa kuna kitu mnapima lita mia?"

Mama mkubwa akasema hapana. Kijana akatazama miguu yake.

Nikaomba kisu, nikakwangua ukuta chini ya mstari. Kutu ya chuma ukiikwangua hutoka unga, na unga huo ukiusugua kidoleni unabaki unga. Huu ulitoka unga juu, kisha chini yake ncha ya kisu ikafichua utando mwembamba uliong'aa kama zile senti tano za zamani. Kutu haing'ai. Hakuna namna ya kuisugua kutu ikang'aa. Kwenye mkunjo wa kitako kulikuwa na doa la kijani-bluu, na hapo nikajua jina la mtu wa tatu katika kesi hii kabla kijana hajafungua mdomo.

"Mrututu," nikasema.

"Babu aliyekuwa anapulizia zamani alituambia tuuloweke usiku kucha," kijana akajibu. "Tangi lilikuwa tupu mvua zilipochelewa. Tukaona tusipoteze muda kubeba ndoo."

Kwa asiyelima kahawa: mrututu ni chumvi ya bluu ya shaba, salfeti ya shaba, inayouzwa kwa mabonge kama sukari guru ya rangi ya anga. Ikichanganywa na chokaa kwa kipimo cha kilo 1, kilo 1 na maji lita 100, huwa dawa ya kupulizia dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa. Dawa hiyo ina asili ya kuchekesha. Huko Bordeaux, Ufaransa, wenye mizabibu ya kando ya njia walikuwa wakiipaka mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili ionekane ina sumu na wapita njia wasichume. Pierre Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo ndiyo ambayo majani yake hayakuanguka kwa ugonjwa, na mwaka 1885 akatangaza dawa yenyewe. Kutu ya majani ya kahawa ni kuvu, haina uhusiano wowote na chuma. Imepewa jina kwa ule unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Ni kuvu iliyoimaliza kahawa ya Ceylon kuanzia 1869, wakulima wa kule wakahamia chai. Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa na haki ya kuiogopa. Alichofanya, bila kujua, ni kutibu kutu moja kwa kuipanda nyingine.

Mrututu huyeyuka kwa uvivu, ndiyo maana wazee huufunga kwenye gunia na kuuning'iniza majini usiku kucha. Chokaa huongezwa asubuhi. Katika hizo saa kumi za usiku, ndani ya tangi la mama mkubwa hapakuwa na dawa. Palikuwa na maji ya bluu yenye uchachu, yamekaa uso kwa uso na zinki.

Sasa mmenyuko wenyewe, au kama wanafunzi wangu wanavyosema, riakisheni. Shaba iliyo ndani ya maji ya mrututu imekuwa ioni, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni mbili. Ikigusa zinki inazichukua. Zinki iliyonyang'anywa inageuka ioni na kuyeyukia majini. Shaba iliyoshiba inageuka metali na kubaki ukutani. Wamebadilishana makazi:

Zn + CuSO₄ → ZnSO₄ + Cu

Zinki ikiisha, zamu ya chuma:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Tazama vizuri mistari hiyo miwili. Hakuna oksijeni. Hakuna kutu. Wekundu wa kwanza uliotokea tangini, asubuhi ya kwanza kabisa, ulikuwa shaba tupu. Kijana alikumbuka kwamba aliona ukuta "umepiga rangi nzuri" na akadhani ni dawa imeshika. Ilishika kweli.

Nikafanya hesabu mbele ya fundi kwa sababu alitaka namba za kumwonyesha mjumbe. Upako wa mabati hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa. Tukichukua bati la gramu 100, upande wa ndani una gramu 50, unene wa sehemu 7 tu katika 1,000 za milimita. Eneo lililoguswa na maji lita 100, kitako pamoja na ukuta, ni karibu mita moja ya mraba. Basi zinki yote iliyokuwa inalinda chini ya mstari ule ilikuwa gramu 50 au pungufu. Kilo moja ya mrututu ina shaba gramu 254, na inaweza kula zinki gramu 262. Dozi moja ilitosha kuimaliza zinki ile mara tano. Walipulizia dozi tisa msimu ule.

Fundi akapiga mluzi. Mama mkubwa hakupiga mluzi, lakini alikaa.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao ulimuuma zaidi kuliko tangi. Ili kuyeyusha gramu 50 za zinki, maji yalilazimika kuacha ukutani shaba gramu 48 hivi, karibu moja ya tano ya shaba aliyoinunua. Mara ya kwanza alipulizia kahawa yake dawa iliyopunguzwa, na sehemu iliyopungua aliibandika kwenye tangi. Kutu ya majani haikusikia vizuri dawa mwaka ule. Hilo nililiona mwenyewe nilipofunua majani ya mistari ya chini.

Lakini kulikuwa na dalili nyingine shambani isiyolingana na dawa hafifu. Ncha za majani machanga zilikuwa zimeungua, zimekauka kahawia. Hiyo ni dalili ya shaba huru iliyobaki bila kufungwa na chokaa. Dawa imepungua na bado inaunguza, vipi? Ilibidi niombe kuonyeshwa chokaa.

Ilikuwa ndani ya gunia lililofunguliwa mdomo, stoo ya ukuta mmoja na jiko la kuni. Ilinunuliwa kwa kupaka nyumba. "Hiyo ni chokaa nzima," mama mkubwa akasema, "miaka miwili tu." Nikakamulia ndimu kijiko kimoja. Ikachemka povu kama soda.

Povu lile lilisema mengi. Chokaa ina maisha ya mzunguko. Inaanza ikiwa jiwe, kalisiamu kaboneti, kama yale mawe ya Songwe yanayolisha kiwanda cha saruji. Ukilichoma kwenye moto wa karibu nyuzi 900, jiwe linatengana: hewa ukaa inatoka, kinabaki kitu cheupe chepesi chenye njaa ya maji. Huo ni mmenyuko wa mtengano. Ukikinywesha maji kinachemka chenyewe na kuungana nayo kuwa haidroksidi ya kalisiamu, chokaa ya kazi. Huo ni wa muungano, na aliyewahi kuungua mkono akikoroga chokaa anajua joto lake. Lakini chokaa ya kazi ikiachwa wazi huinyonya hewa ukaa iliyo hewani, tena jirani na jiko la kuni ndiyo ipo tele, na taratibu inarudi kuwa jiwe, safari hii jiwe la unga. Ukutani hiyo ni sifa, ndiyo inayofanya lipu ya chokaa igangamale. Gunini ni hasara. Chokaa nzima ikipata ndimu inatulia, au inatoa povu la kuhesabika. Iliyorudi jiwe inapiga kelele.

Na kazi ya chokaa katika dawa hii ni kubadilishana wenza na mrututu:

CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄

Shaba inamwacha salfeti na kumchukua haidroksidi, inakuwa utelezi mzito wa bluu isiyoiva, usioyeyuka majini. Ukipuliziwa kwenye jani unaganda na kuachia shaba kidogokidogo, kiasi cha kuua mbegu ya kuvu bila kuliunguza jani. Chokaa iliyogeuka kaboneti hufanya kazi hiyo kwa kujivuta, na haimalizi. Mama mkubwa alipima kilo moja kwa kilo moja kama ilivyoelekezwa, ila kilo yake ya chokaa ilikuwa chokaa kwa jina. Shaba iliyobaki huru ikagawanyika: nyingine ikaunguza majani, nyingine ikaendelea kula tangi mchana kutwa wakati bomba la kupulizia likijazwa na kurudi.

Maneno yangu yalikuwa mengi na jua lilikuwa linazama, kwa hiyo nikaomba glasi tatu na misumari mitatu mipya. Fundi alikuwa na misumari. Glasi ya kwanza nikaweka maji ya mrututu matupu. Ya pili, mrututu uliochanganywa na chokaa mpya ambayo kijana alitumwa kuifuata dukani kwa pikipiki, akirudi amekasirika. Ya tatu, mrututu na chokaa ya gunia. Msumari mmoja kila glasi. Hatukungoja hata chai ichemke. Msumari wa kwanza ulivaa wekundu ndani ya dakika chache, sehemu iliyozama tu, kichwa kikibaki cheupe, mstari wake mnyoofu kama ule wa tangi. Wa pili ulitoka kama ulivyoingia. Wa tatu ulitoka na madoa ya waridi.

Fundi alichukua msumari wa kwanza, akautazama, akautazama tena pamoja na ukuta wa tangi. Hakusema kitu kwa mama mkubwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Kipimo hicho cha msumari sikukibuni mimi. Wapuliziaji wa zamani walikuwa na kisu: dawa ikishakorogwa, chovya kisu kisafi kwa dakika moja. Kikitoka kimepata wekundu, ongeza chokaa. Kikitoka kisafi, jaza bomba. Inasikitisha kidogo kwamba mjukuu alirithi gunia la kuloweka lakini kisu hakikurithiwa.

Mpaka hapo nimeeleza zinki ilivyoondoka na shaba ilivyopata makazi. Sijaeleza matundu. Mrututu ulikwisha Februari. Tangi likaoshwa na kukingiwa mvua. Na matundu yalitokea Machi, katika maji safi ya mvua. Hapa ndipo kutu ya kweli inapoingia, na mama mkubwa anapata nusu ya haki yake.

Kutu inataka chuma, maji na oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji hayo. Sehemu moja ya chuma hutoa elektroni na kuyeyuka. Elektroni husafiri ndani ya metali hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Ioni za chuma zikikutana na oksijeni zaidi njiani zinaishia kuwa ule unga tunaoujua:

4Fe + 3O₂ + 2nH₂O → 2Fe₂O₃·nH₂O

Kwenye chuma kitupu, mahali pa kutoa na mahali pa kupokea huhamahama, na kutu hutandaa. Ndani ya tangi hili, shaba iliyobandikwa ukutani ilikuwa pahali pazuri mno pa kupokelea, na ilikuwa imetanda eneo kubwa. Chuma kilichobaki wazi kilikuwa vijisehemu tu katikati ya utando huo. Elektroni zote zinazodaiwa na eneo lote la shaba zililipwa na vijisehemu hivyo. Deni kubwa, walipaji wachache. Chuma cha unene wa milimita 0.4 hakina akiba ya kulipa hivyo, kikatoboka hapo hapo badala ya kuchakaa pote. Matundu ya kichwa cha pini yalikuwa sahihi ya shaba, kwa anayejua kuisoma. Uingereza waliijifunza kwa gharama kubwa kuliko 60,000: mwaka 1761 jeshi lao la majini liliifunika meli HMS Alarm kwa shaba upande wa chini ili wadudu wa mbao wasiile, na walipoikagua miaka miwili baadaye misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya.

Fundi akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, mbona Kimondo hakiozi? Kiko hapo nje na mvua hizi hizi."

Kimondo cha Mbozi, kwa wasiokijua, ni donge la chuma kutoka angani lenye urefu wa kama mita 3, uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, limelala mteremkoni katika kilima cha Marengi. Chuma chake ni karibu asilimia 90, na nikeli zaidi ya 8. Nikamwambia kinaoza. Ile ngozi ya kahawia inayoshikwa na kila mgeni ni kutu. Ila nikeli inaizorotesha, na donge la tani hizo likipoteza unene wa milimita 0.4 hakuna atakayejua, wakati tangi likipoteza huo limekwisha kuwa chujio. Tena, nikaongeza, hakuna aliyewahi kulala na mrututu juu ya Kimondo. Mama mkubwa alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Maji ya tangi tuliyamwaga mbali na kisima na mbali na kuku, ambao walikuwa wamekunywa humo kwa wiki tatu. Yeye mwenyewe alikuwa analalamika kwamba maji ya kunawa "yana ladha ya chuma", na ladha hiyo haikuwa ya chuma. Mrututu ni sumu, na chombo kilichowahi kuubeba hakirudi kuwa cha maji ya mtu wala mfugo. Fundi akapendekeza kukata tangi juu ya mstari na kutia kitako kipya. Nikamkatalia sehemu moja: asilehemu kitako kipya bila kutupa ukuta wote uliopata shaba hadi juu ya mstari, maana kipande kimoja cha shaba kikibaki ndani, kitako kipya nacho kitadaiwa. Tangi likawa fupi, sentimita 50 na kidogo, na likapangiwa kazi ya kukinga maji ya kuchanganyia lipu.

Mapipa mawili ya plastiki yakanunuliwa, moja la mrututu, moja la chokaa, vikutane asubuhi na vimalizwe siku hiyo hiyo. Chokaa sasa inafungwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nilijaribu pia kuzungumzia miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kutoka Mbimba, ile inayostahimili kutu ya majani na chulebuni bila kupuliziwa sana, lakini mikahawa yake ilipandwa na marehemu mumewe na niliona usoni kwamba mazungumzo hayo ni ya mwaka mwingine.

Ikabaki 60,000. Mama mkubwa aliingia ndani, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu noti sita, akatoka nazo zimefungwa kwenye kitambaa. Fundi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akanyoosha mkono kwenye glasi ya kwanza.

"Mama, naomba na huu msumari. Niwaonyeshe wateja wangu."

"Msumari ulikuwa wako," mama mkubwa akasema, "lakini shaba hiyo ni yangu. Uache hapo."